Uzoefu wangu: Mazda MX-5 katika baridi ya Minnesota, mfuko ukiwa mwembamba

Gari langu ni moja tu: Mazda MX-5 ya mwaka 1999, ndugu wa zile zinazofika kwetu kutoka Japani kwa jina la Roadster. Viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.8, gia za mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ninaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis huku Marekani, na nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Wazee hawaachwi peke yao eti kwa sababu theluji ni nyingi. Kwa hiyo gari hili linatoka Januari na Februari kama linavyotoka Julai, na kila anayeliona ananiuliza nawezaje. Naandika kwa ajili ya yeyote anayelipenda gari la aina hii lakini hana pesa ya kuweka la pili la kuvukia baridi.

Linaweza kazi hiyo, tena vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ila pesa kidogo uliyo nayo iende kwanza kwenye matairi, halafu kwenye kuzuia kutu. Mengine yote yasubiri.

Raba ya tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Sisi huku tunafika nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, na hapo tairi hilo halina tofauti na plastiki. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake zisikuridhishe. Zinahusu umbo la meno ya tairi, wala si jinsi raba yenyewe inavyovumilia baridi. Matairi ya misumari usiyafikirie, maana Minnesota hairuhusu wakazi wake kuyatumia.

Seti mpya ilikuwa nje ya uwezo wangu. Nilinunua matairi manne yaliyotumika, ukubwa wa 185/60R14, yakiwa tayari kwenye rimu za chuma, kwa dola 220. Hapa MX-5 ina bahati ambayo magari mengi ya spoti hayana: gurudumu lake linashikwa na nati nne kwenye duara la milimita 100, mpangilio uleule wa Honda Civic nyingi za miaka ya tisini, na rimu hizo zimejaa sokoni kwa bei ya kuokota. Hakikisha tu tundu la katikati ya rimu linapita kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, na kama gari lako ni la kuanzia 2001 pima breki kwanza, kwa sababu baadhi yake zina breki kubwa zisizoingia ndani ya rimu ya inchi 14. Ukiwa na rimu za pekee za baridi, humlipi fundi kuvua na kuvika matairi kila msimu. Jeki na spana vinatosha, unabadilisha mwenyewe uani.

Kabla hujatoa pesa, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. 3521 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi la zamani sana liache hata kama meno yake yanapendeza. Meno yakiwa chini ya milimita 4 pia liache. Bado linafaa kwa lami, lakini kwenye theluji limeshamaliza kazi.

Tairi jembamba ni bora kuliko pana. Najua zile pana za inchi 16 ndizo zinazolipa gari sura, lakini tairi pana hupanda juu ya theluji, ilhali jembamba huikata na kufika chini. Na yawe manne! Watu wa kubana matumizi watakushauri ununue mawili ya nyuma tu, kwa kuwa ndiyo yanayosukuma. Usikubali hata kidogo. Gari litaondoka vizuri, kisha utafika kwenye kona na usukani hautakusikiliza.

Barabarani, sifa kubwa ya gari hili ni uzito. Ni kama tani moja tu, na umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, kwa hiyo halikimbilii mtaroni kama pikapu tupu yenye pua nzito. Linapoanza kuteleza unalisikia mapema, mgongoni na mikononi, na una muda wa kulirudisha. Naondoka kwa gia ya pili, klachi naiachia polepole, na sishuki gia kwa pupa, maana injini ikikamata ghafla magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko papo hapo. Theluji ya kwanza ya mwaka ikianguka, natafuta uwanja mtupu wa kuegesha, nafanya mazoezi ya breki na kona mpaka mwili ukumbuke. Hilo halina gharama na linashinda kifaa chochote utakachonunua. Mfuko wa mchanga kwenye buti nauweka mmoja, nimeufunga usitembee. Husaidia kidogo kwenye kuondoka, na mchanga wenyewe ni wa kumwaga chini ya tairi ukikwama.

Kinacholishinda ni kimo. Tumbo liko chini, na theluji ikizidi kina cha tumbo gari linakuwa jembe. Hapo hakuna tairi litakalokuokoa. Siku za namna hiyo naomba lifti kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi, nami nachangia mafuta. Jihadhari zaidi na siku kavu za baridi kali: chumvi ya barabarani hupoteza nguvu kuanzia nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na kwenye barabara kuu ya I-94 asubuhi lami inayong'aa inaweza kuwa barafu tupu.

Ndani kuna joto kuliko unavyotarajia. Chumba ni kidogo, hita inakijaza haraka. Paa usilikunje kwenye baridi, turubai linakakamaa na kupasuka. Theluji iondoe kwa brashi laini. Toleo hili lina kioo halisi nyuma chenye nyaya za joto, wakati yale ya kabla yake yana dirisha la plastiki linalovunjika kwenye baridi. Kwa sababu hiyo tu ningelipa zaidi kupata la 1999 na kuendelea. Paa gumu sikununua, bei yake ni zaidi ya dola 1,000.

Betri iko kwenye buti, na ni ndogo. Usiweke ya kawaida yoyote kwa kuwa ni rahisi: lazima iwe aina iliyofungwa ya AGM au yenye mirija ya kutolea hewa nje, vinginevyo gesi yake inabaki ndani.

Sasa kutu, ambayo ndiyo gharama halisi. Chumvi hula sili, yaani bati la pembeni chini ya mlango, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma, na mara nyingi uozo unaanzia ndani. Nyuma ya viti, kwenye kona, kuna matundu ya kutolea maji ya paa. Yakiziba, maji hutuama na sili inaoza bila wewe kuona. Nayazibua Oktoba kwa uzi mgumu wa plastiki. Kisha nalaza gari juu ya stendi, napuliza Fluid Film chini yote na ndani ya sili. Ni mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, hayakauki, yanaingia kwenye mianya, na makopo machache yanatosha gari dogo hivi. Joto likipanda juu ya sifuri nakwenda kuosha, nachagua huduma inayorusha maji chini ya gari.

Ukienda kutazama la kununua huku, chukua tochi na sumaku ndogo. Ipitishe kwenye sili zote mbili, kuanzia mlangoni hadi gurudumu la nyuma. Pale isiposhika kuna putty, ule udongo wa kuzibia bodi, iliyofunika shimo, na kuchomelea bati jipya pande zote mbili kunaweza kula pesa ya matairi yako yote. Mimi hapo huaga, naenda kutazama jingine.