Land Rover Defender 110 ya 1997: miaka 11 katika chumvi ya Malindi

Kila Idi shemeji yangu huniuliza swali lile lile: kwa nini mtu mzima mwenye watoto wanaosoma aendelee kulilisha Land Rover kuukuu, ilhali kwa fedha hizo hizo angepata Probox ya mtumba kutoka Japani, yenye kiyoyozi na isiyokunywa mafuta? Swali lake ni la haki. Nitalijibu kwa kulipima gari lenyewe, ingawa sikatai kwamba mapenzi nayo yamo.

Gari langu ni Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ya lita 2.5, pistoni nne na turbo. Injini hiyo ilifungwa katika Defender kuanzia mwaka 1994, na sifa yake kubwa ni kwamba haina kompyuta: pampu ya dizeli huzungushwa na injini yenyewe, na umeme pekee inaouhitaji ikishawaka ni ule mchache wa kuiweka wazi vali ya kupitishia mafuta. Nguvu zake za farasi 111 si nyingi kwa gari la karibu tani 2, na kwenye lami ya Mombasa matatu hunipita kama nimeegesha.

Thamani ya kukosa kompyuta niliijua siku altaneta, yaani jenereta inayoichaji betri, ambayo niliinunua mtumba mwenyewe bila kuikagua, ilipokufa nikiwa shambani Marafa na magunia ya maembe nyuma. Betri ilikuwa na nguvu ya kuwasha mara moja tu. Niliwasha, nikazima feni na redio, nikashuka hadi Mambrui na kuvuka daraja la Sabaki bila kuthubutu kuzima injini hata pale niliposimama kumpakia mzee mmoja aliyekuwa akienda hospitalini, na kabla ya magharibi nilikuwa kwa fundi wangu mjini, aliyekuta kwamba kaboni mbili tu za ndani ya altaneta ndizo zilizolika. Mwaka huo huo gari la jirani yangu, jipya kuliko langu kwa miaka 15, lilijipunguzia nguvu lenyewe kwa hitilafu ya sensa moja, likakaa uani siku nne likiisubiri sensa nyingine kutoka Mombasa.

Watu husema kwamba Land Rover hailiwi na kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Maneno hayo hayajakamilika, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayomgharimu mkazi wa pwani. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma. Vivyo hivyo ukuta ulio kati ya injini na abiria, na fremu za milango. Mahali alumini inapogusana na chuma, unyevu wa chumvi ukapenya katikati, alumini yenyewe ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe chini ya rangi huku rangi ikifura kama ngozi iliyoungua. Mimi naishi karibu na bahari, na upepo wa kusi ukivuma, asubuhi kioo cha mbele huwa na utando wa chumvi unaoweza kuandikwa kwa kidole. Katika mwaka wangu wa tano fundi aliligonga boriti la nyuma la chesisi kwa nyundo, na nyundo ikazama. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuwahi kuliosha gari upande wa chini. Boriti lilikatwa, likachomelewa jingine, na tangu hapo, kabla ya masika na baada yake, naliosha chini kwa maji baridi, nikaliacha likauke, kisha nikanyunyiza oili chafu ndani ya matundu ya chesisi. Kazi hiyo inanuka na kuchafua, na mke wangu amenitengea kona moja ya ua ambayo sina ruhusa ya kuivuka.

Kasoro nyingine hazihitaji maelezo marefu. Ndani mna joto, mna kelele, kiwiko cha kulia hakina pa kukaa, na mvua kubwa huingia bila kubisha hodi. Langu hupata kama kilomita 9 kwa lita moja. Spea zipo, lakini za bandia ni nyingi, na mkanda wa taimingi, unaozipatanisha vali na pistoni, si mahali pa kubania shilingi: ukikatika, umeiharibu injini.

Hata hivyo barabara ya Marafa wakati wa masika, udongo unapoyashika magurudumu na kuyajaza meno ya tairi hadi yakawa laini, ndiyo inayonizuia kuuza. Defender hupeleka nguvu katika magurudumu yote manne wakati wote, na kwa gia ya chini, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikiwa imefungwa, hupanda polepole bila kukanyaga sana mafuta. Shemeji yangu hatoki kwenye lami. Kwake Probox ndilo gari, na ningemshauri alinunue leo.

Jambo moja amekosea, nalo ni thamani ya gari hili kuukuu. Uundaji wa Defender hizi ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016, na kwa kuwa kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, hata zile za mwisho zimeshapitwa na wakati wa kushushwa bandarini Mombasa. Zilizobaki nchini ni hizi hizi tulizo nazo, ndiyo maana kila mwezi mtu hunisimamisha kwenye kituo cha mafuta kuniuliza kama nauza.

Anayekwenda kulitazama moja katika mji wa pwani asiyumbishwe na rangi mpya. Avae nguo asizozionea huruma, achukue nyundo ndogo, alale chini, na aanzie nyuma.