Sensa ya sukari baada ya upasuaji wa moyo: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa 11 sasa, na mwaka jana nilipandikizwa mishipa ya moyo Dar es Salaam. Nyumbani ni Mwanga, Kigoma Mjini. Kabla ya safari nilimtafuta mgonjwa aliyewahi kuvaa sensa ya sukari, kile kifaa cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono kupima sukari mchana na usiku, aniambie kilivyo. Sikumpata, ndiyo maana naandika.

Binti yangu alininunulia mbili, kila moja ya siku 14. Moja nilisafiri nayo mkononi nikiamini ndiyo itakayonilinda kwenye meza ya upasuaji. Jioni ya kuamkia upasuaji nesi akaiona: "Mama, hii tunaitoa." Nilinyong'onyea, lakini alikaa akanielewesha. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, wanatumia kifaa cha umeme cha kukatia nyama na kuzuia damu, na sensa haitakiwi kukaa karibu nacho. Tena sensa haipimi damu, inapima majimaji ya chini ya ngozi. Mwili ukipozwa na damu ikipungua kwenye ngozi, namba inaweza kupotosha. Wao hutoa damu yenyewe mara kwa mara wakaipima, na insulini hupita kwenye dripu.

Nilipozinduka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, sukari ilikuwa 14 mmol/L na sijatia kitu mdomoni. Niliogopa sana. Daktari akasema upasuaji mkubwa huufanya mwili umwage homoni zinazopandisha sukari, hata kwa asiye na kisukari. Walitaka ikae chini ya 10 bila kuishusha mno: ikibaki juu, kidonda cha kifua huchelewa kupona na huingiliwa na vijidudu kirahisi, ikishuka sana, mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Sensa ya pili niliibandika nilipofika nyumbani, na hapo ndipo nilipoona faida yake. Zamani nilichoma kidole mara nne kwa siku, nikajua namba nne. Sasa nikauona usiku mzima kwenye simu. Sukari ilikuwa ikianza kupanda saa 11 alfajiri, chai haijainjikwa. Ugali wa muhogo, tonge zangu za kawaida, ulinifikisha 13.4. Nilipopunguza nusu, nikaongeza sombe (kisamvu) na samaki aina ya migebuka, sikuvuka 9. Miaka yote kliniki wameniambia "punguza ugali". Nilikubali siku nilipouona ule mstari unavyopanda.

Kasoro zipo. Usiku mmoja, saa 8 na kitu, simu ililia: 3.4. Binti akaja mbio na glasi ya maji ya sukari. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, nichome kidole." Kidole kikasoma 6.1. Nilikuwa nimeulalia ule mkono, na sensa ikikandamizwa husoma chini kuliko ilivyo. Tangu hapo namba isiyolingana na ninavyojisikia naihakiki kwa kidole kabla ya kula au kuchoma insulini. Hata mchana, sukari ikiwa inakwenda kasi, sensa huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Joto la Kigoma nalo lililegeza gundi siku ya tisa, nikaizungushia plasta pembeni, tundu la katikati nikaliacha wazi.

Bei ndiyo inayouma. Nalipa mfukoni, na sensa moja inanigharimu kuliko boksi la vipimo 50 vya kidole. Sitadanganya kwamba naimudu kila wiki mbili. Ila daktari wa kliniki alipopitia simu yangu aliona sukari inashuka kila saa 9 usiku, na kidole kilithibitisha, akanipunguzia insulini ya jioni. Kwa vipimo vyangu vinne vya mchana asingeiona kamwe.

Siku hizi nanunua moja kila baada ya miezi mitatu. Naibandika siku 10 kabla ya kliniki, mkono wa kushoto, kwa sababu nalalia wa kulia.