Uzoefu wangu: seti ya waya za amplifaya iliyokaribia kuniunguzia gari, na nilichofunga badala yake

Naendesha Toyota IST, nakaa Tegeta, kazini ni Posta. Kwa siku nakaa barabarani saa mbili hadi tatu, na muziki ndio unaonifikisha nyumbani salama wa roho. Napenda dansi la zamani, Msondo na Sikinde, na anayelipenda dansi anajua kwamba spika zilizokuja na gari haziwezi kulitendea haki gitaa la besi. Mwaka jana nikanunua sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya chaneli moja, wati 500 za kweli, zile zinazoandikwa RMS. Vitu hivyo viwili sina lawama navyo mpaka leo. Habari yangu ni ya waya.

Seti ya waya niliinunua Kariakoo kwa 65,000. Juu ya boksi imeandikwa geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya), wati 1500. Ndani kuna waya mwekundu wa mita 5, mweusi mfupi wa ethi wa kufunga kwenye bodi, kawaya ka rimoti ka kuiwasha amplifaya, nyaya za RCA za kuleta sauti kutoka kwenye redio, na kishikilia fyuzi cha plastiki angavu chenye fyuzi ya kioo ya ampea 60. "Kaka, hii ndiyo wanayochukua wote," muuzaji akaniambia. Nikachukua. Fundi aliyenifungia hakumaliza hata saa mbili, na siku ile niliona ni sifa.

Mwezi wa kwanza raha tupu. Kisha amplifaya ikaanza kujizima nikipandisha sauti, inakaa sekunde chache, inarudi. Nikadhani ni betri. Nikabadilisha betri, hela ikaenda, tatizo likabaki palepale. Halafu jioni moja ya Februari, kwenye joto lile mnalolijua, nipo kwenye foleni ya Mwenge, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Niliegesha pembeni nikafungua buti. Kishikilia fyuzi kilikuwa kimeyeyuka na kujikunja kama mshumaa. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima. Haijakatika!

Nilizima kila kitu, na kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja Sinza, fundi umeme wa magari wa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fungua boneti."

"Mzee, kilichoungua kiko nyuma, kwenye buti."

"Nimekusikia. Fungua boneti."

Akaangalia betri. Waya mwekundu ulikuwa umebanwa moja kwa moja kwenye chanya, bila kitu chochote katikati. Akaniuliza fyuzi iko wapi, nikamwambia nyuma, karibu na amplifaya. "Sasa hii mita tano kutoka hapa mpaka kule, inalindwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilikuwa naamini fyuzi ni ya kulinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake. Yangu ina mbili za ampea 30 ubavuni. Fyuzi ya waya mkubwa kazi yake ni kulinda waya, na kwa kuulinda waya inalinda gari na waliomo ndani. Betri inayoweza kuzungusha staata inaweza kumwaga ampea mia kadhaa kwa mkupuo. Waya ukichubuka ukagusa bodi, ampea zote hizo zinapita hapo, na fyuzi iliyoko kwenye buti haitajua lolote kwa sababu umeme haujaifikia. Waya unageuka kuwa koili ya jiko, na umelala chini ya kapeti. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa ni fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, isivuke sentimita 45 za waya.

Mzee hakuishia hapo. Akauvuta waya pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani. Fundi wa kwanza alikuwa ametoboa bati na kupitisha waya hivihivi, bila raba ya kuzuia makali. Kila tuta la Barabara ya Bagamoyo lilikuwa linausugua waya kwenye ukingo wa tundu. Plastiki ilikuwa imeisha upande mmoja, nyuzi zinaonekana. Nilishika kiuno nikanyamaza. Nimembeba mama yangu kwenye gari hilo. Nimewabeba wanangu.

Kisha akanionyesha rangi ya zile nyuzi. Zilikuwa nyeupe. Shaba ni nyekundu. Hizi zilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, na pale ziliposuguka rangi ya kweli ikatoka. Akakata kipande cha mwisho akachuna plastiki: maganda manene, kiini chembamba. Geji 4 halisi ina milimita za mraba 21 hivi (kwenye geji, namba ikipungua waya unanenepa). Kiini changu kilikuwa kama milimita za mraba 8, yaani geji 8. Na aluminiamu ya aina hiyo hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 hadi 65 ya shaba yenye unene uleule.

Tukapima kwa mita, injini ikiwa inanguruma na muziki uko juu. Kwenye betri volti 13.3, kwenye amplifaya 11.9. Volti 1.4 zinapotea njiani! Hesabu yenyewe si ngumu: wati 500 za kutoka kwenye amplifaya ya daraja la D, aina isiyopoteza umeme mwingi, yenye ufanisi wa asilimia 80 hivi, zinahitaji wati 625 za kuingia, nawe ukigawa kwa 13.8 unapata ampea 45. Waya wangu ule wa mita 5 peke yake unakula karibu robo tatu ya volti kwenye mzigo huo. Zilizobaki zilikuwa zinaliwa na ethi iliyofungwa juu ya rangi ya gari, na kile kishikilia fyuzi. Fyuzi ya kioo inashikwa na vibanio vya springi. Vikilegea, pale panapogusana panapata joto, plastiki inayeyuka, na fyuzi haikatiki kwa kuwa ampea hazijazidi. Ndiyo ile harufu ya Mwenge, na volti kushuka hivyo ndiko kulikokuwa kunaizima amplifaya.

Nilitaka kununua seti nyingine ya bei ghali. Mzee akanituma Gerezani nikanunue waya wa mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 25, shaba tupu, unaouzwa kwa mita. Nililipa 18,000 kwa mita, nikachukua mita 6. Akanisisitizia nisilipe kabla ya kukwangua ncha kwa kisu nione wekundu mpaka ndani, kwa sababu hata wa kuchomelea siku hizi una wa aluminiamu. Njia nyingine ni mkono: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu. Mita moja ya shaba ya geji 4, bila ganda, inakaribia gramu 190. Seti yangu ya zamani nikiishika sasa naiona nyepesi kama kamba ya manila.

Fyuzi aliyoweka ni ya bapa, ile ya ANL, inayokazwa kwa nati pande zote mbili, kwenye kisanduku chake, sentimita 20 kutoka kwenye betri. Aliichagua ya ampea 80. Nilimuuliza kwa nini isiwe 150, maana dukani zilikuwepo kwa bei ileile. Akaniambia amplifaya yangu kwa fyuzi zake haiwezi kuvuta zaidi ya 60, na waya huu unabeba 100 bila shida, kwa hiyo 80 haitakatika ovyo wala haitauacha waya uungue. Fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya ni sawa na kutokuwa nayo. Ethi akaifupisha, waya uleule wa milimita 25, akakwangua rangi kwenye bodi mpaka bati likang'aa, akakaza boliti na kupaka grisi juu, kwa sababu upepo wa bahari huku kwetu unakula chuma haraka. Ethi hakuifunga kwenye boliti ya mkanda wa kiti. Kwenye tundu la bati akaweka raba, na waya wote wa upande wa injini akauvalisha bomba la plastiki lenye mikunjo, kwa kuwa ganda la waya wa kuchomelea halikutengenezwa kukaa kwenye mafuta na joto la injini miaka yote.

Matokeo: betri 13.3, amplifaya 13.0. Amplifaya haijajizima hata mara moja tangu Machi. Besi imekuwa kavu, nasikia kila kidole cha mpiga gitaa, na sauti siifikishi hata pale nilipokuwa naifikisha zamani.

Kasoro zipo. Waya huu ni mnene, na plastiki za mlangoni kwenye IST hazikurudi kukaa vizuri. Upande wa abiria pamebaki pameinuka kidogo. Ni mweusi mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo tulizungushia utepe mwekundu kwenye ncha za chanya ili fundi mwingine asije akachanganya. Vichwa vya shaba vya kubania ncha, wanavyoita lagi, vinataka mashine ya kukandamiza. Kwa nyundo havishiki. Na gharama: waya 108,000, fyuzi na kisanduku chake 35,000, lagi na bomba 15,000, ufundi 50,000. Jumla 208,000, juu ya zile 65,000 nilizotupa na betri nisiyoihitaji.

Seti ile ya Kariakoo naipa nyota moja, kwa ajili ya nyaya za RCA tu, ambazo bado nazitumia. Waya wa kuchomelea nyota nne na nusu.

Kwenye dashibodi naweka fyuzi mbili za akiba za ampea 80. Nimeona magari ya watu ambayo fyuzi ilikatika usiku, fundi wa karibu akafunga kipande cha waya "mpaka kesho", na kesho haijafika mpaka leo.