Printa ya stensili za tatuu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kijana anayeanza kuchora tatuu huniuliza kuhusu mashine ya stensili, yaani ile nakala ya mchoro inayobandikwa kwenye ngozi ili sindano ifuate mistari yake, kabla hajaniuliza kuhusu karatasi. Natamani angeanza na karatasi. Nimeona stensili safi kabisa zilizotolewa kwa kalamu na karatasi nzuri, na nimeona stensili mbovu zilizotoka kwenye mashine ya bei kubwa iliyolishwa karatasi mbaya. Kwa hiyo kabla sijapanga mashine kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, tuzungumzie hicho kitakachogusa ngozi ya mteja.

Karatasi ya stensili ina tabaka nne. Juu kuna karatasi nyeupe. Chini yake kuna karatasi nyembamba ya kinga, ambayo huondolewa kabla ya kazi. Kisha karatasi yenye rangi ya zambarau. Na mwisho karatasi ya njano ya kuegemea. Ukibonyeza kwa kalamu au kwa joto, rangi inapanda na kushika mgongoni mwa ile nyeupe. Rangi hiyo ni ya ukoo wa hektografu, ile ile ya mashine za kunakilia kwa spiriti alizobuni Mjerumani Wilhelm Ritzerfeld mwaka 1923, zilizotoa mitihani ya zambarau mashuleni kabla fotokopi hazijaenea. Hektografu za zamani zilitumia methyl violet, ndugu wa karibu wa dawa ya GV tuliyopakwa utotoni tukiwa na vidonda vya mdomo. Ukikumbuka GV ilivyokuwa inakaa kwenye midomo, utaelewa kwa nini rangi hii inang'ang'ania ngozi.

Karatasi ya kaboni ya steshenari, ile ya bluu au nyeusi inayowekwa kwenye vitabu vya risiti, siyo hii. Muuzaji akikwambia zinafanana, ondoka. Haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na hata ukiilazimisha inatoa mstari hafifu unaofutika kwa mfuto wa kwanza.

Kwenye karatasi halisi pia kuna aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Ipo ya kuchora kwa mkono na ipo ya mashine ya joto. Karatasi ya chapa ya Spirit ya Marekani, ambayo wachoraji wengi wanaijua, huuzwa kwa aina zote mbili, na maboksi yanafanana kwa mbali. Soma boksi. Angalia na ukubwa: nyingi ni za kipimo cha Kimarekani, upana wa milimita 216, wakati A4 yetu ni milimita 210. Tofauti ni ndogo, lakini printa yenye njia nyembamba itaikunja karatasi kwenye kona.

Rangi hii ina nta ndani yake, kwa hiyo joto la pwani ni adui. Pakiti ikiachwa ndani ya gari mchana Dar au Mombasa, rangi inaanza kuhamia kwenye karatasi nyeupe hata kabla hujachora. Nilipoanza nilinunua pakiti ya bei ya chini kwa muuzaji aliyekuwa ameipanga kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua. Stensili ilitoka imefifia, na katikati ya kazi ya bega mistari ikawa inapotea kila nilipofuta wino. Nilimalizia kwa kalamu ya ngozi huku nikitazama picha, saa mbili zaidi ya tulizopatana. Mteja alivumilia, lakini maumivu ya saa hizo mbili yalikuwa yake, siyo yangu. Tangu siku hiyo nanunua karatasi nzuri hata kama mwezi ni mgumu.

Sasa mashine.

Nafasi ya kwanza: printa ndogo ya joto ya A4

Hii ndiyo ningemshauri mchoraji wa nyumbani anayetoa zaidi ya stensili tatu au nne kwa wiki. Teknolojia yake unaifahamu: ni ile ile ya mashine ya EFD inayokutolea risiti dukani. Haina wino wala katriji. Ina kichwa chenye vidoto vinavyopata moto, na moto huo ndio unaoyeyusha rangi ya zambarau ishike karatasi nyeupe.

Phomemo M08F ndiyo inayoonekana zaidi katika kundi hili. Ina betri ndani, inachajiwa kwa waya wa USB-C, na inapokea mchoro kutoka kwenye simu kwa bluetooth. Umeme ukikatika saa kumi jioni na mteja yuko mlangoni, hilo si jambo dogo. Uliza kama unapewa toleo la A4 au la upana wa Kimarekani, maana yapo yote mawili na kila moja lina karatasi yake.

Udhaifu wake ni ukali wa mistari. Inachapa kwa 203 dpi (vidoto kwa kila inchi), sawa na vidoto 8 kwa kila milimita. Mstari mwembamba kuliko robo milimita, yaani vidoto viwili, unaweza kutoka umekatika. Kwa maandishi, maua, nyota na michoro ya mistari minene, inatosha na kubaki. Kwa sura ya mtu yenye kope na mikunjo midogo, utaanza kuona mipaka yake.

Kaka yake mkubwa ni Brother PocketJet. Kwenye mfululizo wa 7, PJ-723 na PJ-763MFi zinachapa kwa 300 dpi, karibu vidoto 12 kwa milimita, na unaiona tofauti kwenye nywele na kwenye herufi ndogo. Ziliundwa kwa ajili ya watu wa kazi za barabarani, polisi na mafundi wanaochapa hati ndani ya magari, kwa hiyo ni imara. Bei yake ni ya juu mara kadhaa kuliko ile ndogo, na betri mara nyingi huuzwa kando. Uliza kabla hujalipa. Kama tayari unaishi kwa kazi hii na wateja wako wanataka picha za sura, nunua hii. Kama bado unatafuta wateja kumi wa kwanza, pesa hiyo ina kazi nyingine: sindano nzuri, glavu, na karatasi ile niliyoisema.

Zote mbili zinataka usafi. Vumbi la rangi huganda kwenye kichwa na kuacha mstari mweupe kuanzia juu hadi chini ya kila stensili. Pamba yenye spiriti, mashine ikiwa imezimwa na imepoa, inamaliza tatizo hilo.

Nafasi ya pili: printa uliyo nayo, karatasi, na mkono wako

Kwa anayetoa stensili moja au mbili kwa wiki, hii inapanda nafasi ya kwanza bila mjadala. Unachapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida, kwa printa yoyote ya nyumbani au kwa jirani wa steshenari, unauweka juu ya karatasi ya stensili ya mkono, unaondoa ile tabaka ya kinga, unafuata mistari kwa kalamu ngumu ya wino juu ya meza ngumu. Gharama ni karatasi tu.

Inachukua muda, kweli. Mchoro wa mkono mzima unaweza kula dakika arobaini. Lakini kila mstari unaoupitisha kwa kalamu, mkono wako umeupita mara moja kabla ya ngozi. Unagundua mahali ambapo mistari miwili imekaribiana mno na itakuja kuungana wino utakapotanuka miaka ijayo. Mashine haikwambii hilo. Naamini mchoraji aliyefuata stensili mia moja kwa mkono anachora tofauti na aliyeanza na kitufe, na hata leo, mchoro ukinipa wasiwasi, naizima printa na kushika kalamu.

Nafasi ya tatu: Epson ya matangi yenye wino wa stensili

Hapa unachukua printa mpya ya Epson ya matangi, kama L3250 iliyojaa kwenye maduka yetu, na badala ya wino wake unajaza wino maalumu wa stensili kuanzia siku ya kwanza. Inachapa moja kwa moja kwenye karatasi nyeupe, bila ile ya zambarau. Epson inafaa kwa sababu kichwa chake kinasukuma wino kwa msukumo wa umeme, hakiuchemshi. Printa nyingi za Canon na HP zinachemsha wino ili utoke, na wino mgeni unaweza kuungua humo.

Kwa ubora, hii inazishinda zote. Inatoa vivuli na tofauti za uzito wa mstari ambazo printa ya joto haiwezi, na kwa wanaochora picha halisi ni raha kubwa. Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa sababu wino wake unauagiza nje na unausubiri. Kwa sababu ukiiacha wiki mbili bila kuchapa, matundu ya kichwa yanaziba. Kwa sababu ukishaijaza wino huo, haitachapa tena kazi ya shule ya mtoto, na dhamana ya muuzaji usiitegemee. Studio yenye wachoraji watatu itaifurahia. Chumba cha nyumbani chenye mteja mmoja kwa wiki kitaiua kwa ukame.

Jambo moja la kukumbuka nayo: geuza mchoro kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, maana upande wenye wino ndio unaolala kwenye ngozi. Kwenye karatasi ya kufuata kwa mkono hugeuzi, kwa kuwa rangi inashika mgongoni. Kwa printa yoyote mpya, chapa kwanza herufi R na uibandike kwenye mkono wako mwenyewe. Jina la mama wa mtu likikaa kinyume, hakuna wa kulirudisha.

Nafasi ya nne: mashine ya mezani ya kunakili kwa joto

Hii unaingiza mchoro upande mmoja na karatasi ya stensili upande mwingine. Inafanya kazi, haihitaji kompyuta. Lakini ni nzito, inataka umeme wa ukutani, na zile za bei ndogo hutafuna karatasi. Ikipatikana iliyotumika na umeiona ikifanya kazi kwa macho yako, chukua. Mpya, hapana.

Usinunue kabisa

Wino wa kawaida wa printa uliochapwa kwenye karatasi ya kuokea keki, na toner ya leza inayohamishwa kwa pasi au kwa spiriti. Najua video zinaonyesha inavyokubali. Toner ni unga wa plastiki, na sindano inapita juu ya mstari huo ikiusukuma chini ya ngozi. Wino wa ofisini haukupimwa kwa ajili ya kidonda, na tatuu mbichi ni kidonda. Mteja amekuja kwako akiamini unajua unachomwekea mwilini.

Kwa sababu hiyo hiyo, weka kwenye bajeti jeli ya stensili, ile inayopakwa kwenye ngozi ili rangi ihamie kutoka kwenye karatasi, na achana na deodoranti ya kupaka ambayo wengine huitumia badala yake ikizunguka kwa kila mteja. Hepatitis B haihitaji damu unayoiona. Jeli imiminwe kwenye tishu safi, ipakwe nyembamba kwa glavu, chupa isiguse ngozi. Ngozi inyolewe kwa wembe mpya na isafishwe kwanza. Ukishabandika na kubandua, acha ikauke dakika kumi hadi kumi na tano. Wengi wanaolaumu printa walikuwa na haraka hapo.

Upande wa kompyuta huhitaji kununua chochote. GIMP na Inkscape ni za bure. Kwenye GIMP, amri ya Threshold inageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Inkscape, kwa Trace Bitmap, inaigeuza kuwa mistari unayoweza kuikuza bila kuharibika. Printa ya joto haijui kijivu, kwa hiyo kazi hii ifanyike kabla ya kuchapa. Chora na mraba wa sentimita 5 pembeni mwa ukurasa. Ukichapa, upime kwa rula. Ukisoma 4.7, printa imebana ukurasa ili utoshe. Nenda kwenye mipangilio urudishe asilimia 100, la sivyo tatuu uliyopima kwenye bega la mtu itakuja ndogo.

Siku ya kwenda dukani, beba flashi au simu yenye ukurasa wa majaribio: huo mraba, herufi R, na mistari mitano ya unene wa milimita 0.1, 0.2, 0.3, 0.5 na 1. Beba na karatasi yako mwenyewe ya stensili. Muuzaji achape mbele yako mara tatu mfululizo, kwa kuwa kichwa kibovu mara nyingi hujificha kwenye karatasi ya kwanza na kujitokeza kikishapata moto. Mstari wa 0.3 ukitoka mzima mara zote tatu, toa pesa.