ESP32 kwa anayejifunza kukadiria chaneli: nimekaa nayo miezi mitatu

Wakuu, hii bodi ndogo yenye Wi-Fi ndani watu wengi wanaijua kwa kuwasha taa na kusoma joto la chumba, mimi niliichukua kwa kazi nyingine kabisa, nilitaka kuona chaneli ya Wi-Fi (yaani hewa inavyoyabadilisha mawimbi njiani) kwa macho yangu maana nilikuwa nimechoka na chaneli za kwenye programu za simulesheni, zile zinatii kila unachoziagiza. Nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua nitaisema.

Kwa asiyejua, mawimbi yakitoka kwenye antena yanagonga ukuta yanagonga kabati yanafika kwa njia kibao kila moja na muda wake, mengine yanaongezana mengine yanauana, sasa mpokeaji lazima akisie hewa imeyafanyia nini ndio aweze kusoma data. Wi-Fi inarahisisha kwa kutanguliza alama ambazo mpokeaji anazijua tayari, anagawanya alichopokea kwa alichotarajia, basi, hiyo ndio LS (least squares). Uzuri wa ESP32 ni kwamba hayo majibu inakupa mkononi, masabkeria (vipande vyembamba vya masafa) 64 kwenye upana wa 20 MHz (yenye kitu ndani ni 52, mengine matupu), na Espressif wenyewe, watengenezaji wake, wameweka mifano ya programu bure. Bodi mbili, moja inatuma moja inapokea, jioni moja tu unaona grafu inacheza ukipita katikati. Nilicheka peke yangu kama mtoto.

Soma maelekezo lakini. Kila sabkeria ni baiti mbili za namba changamano, sehemu dhahania inatangulia halafu ndio halisi, mimi nikazisoma kinyume na nikirudisha kutoka kwenye masafa kwenda kwenye muda naona mwangwi unafika kabla ya wimbi lenyewe 😂 siku nzima najiona nimegundua fizikia mpya.

Sasa utamu. Majibu ya LS yana kelele, kwahiyo nikasema rahisi tu, nachukua paketi 10 napiga wastani kelele ishuke mara 10. Nikafanya, chaneli yote ikapotea, karibu sifuri! Kumbe kila paketi inakuja na fezi yake (wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake) kwa sababu saa za bodi mbili hazijafungwa pamoja, ukijumlisha hivyo hivyo zinafutana. Inabidi kwanza uondoe mteremko wa fezi (ukikosea sampuli moja ya muda, yaani nanosekunde 50, fezi inainama kwenye masabkeria yote), halafu uzungushe kila paketi ilingane na ya kwanza, ndio upige wastani. Hapo ikanyooka vizuri mno. Ila na hapo ujue mtu akitembea chumbani, mwendo wa kawaida mita 1.5 kwa sekunde kwenye 2.4 GHz, chaneli inabaki ileile kama milisekunde 35 hivi, paketi 10 za kila milisekunde 10 zinakuwa zimeshachanganya ya zamani na mpya. Unapunguza kelele unaongeza uongo.

Njia iliyonikosha zaidi haitaki hata paketi nyingi. Unarudisha chaneli kwenye muda kwa IFFT (hesabu ya kutoka masafa kwenda muda), mwangwi wa ndani ya nyumba unakaa kwenye sampuli chache za mwanzo, unabakiza 16 (ndio urefu wa nafasi ya ulinzi, ule muda unaoachwa mwanzoni mwa kila alama ili mwangwi upite, mikrosekunde 0.8) na mbili tatu za mkiani, zingine unafuta kwa sababu ni kelele tupu, unarudi. Kwa hesabu safi kelele inabaki kama robo hivi, kwa ukweli pembeni mwa bendi panaharibika kidogo sababu ya yale masabkeria matupu. MMSE (njia inayotafuta kosa dogo zaidi kwa wastani) nayo nilijaribu, ni nzuri ila inataka ujue takwimu za chaneli na kiwango cha kelele, ukikisia vibaya huoni faida.

Nyota iliyopungua: bodi inajirekebisha nguvu ya kupokea yenyewe kwahiyo ukubwa wa paketi moja na nyingine haufananishwi hivi hivi, na namba ni za biti 8 tu. Waya wa kwenda kwenye kompyuta nao usiuache kwenye kasi ya biti 115200 kwa sekunde, hiyo ni herufi kama 11,520 kwa sekunde na mstari mmoja unakula mia nne na zaidi, utapata mistari ishirini na kitu kwa sekunde halafu ulaumu hewa. Weka 921600.

Muuzaji wangu simtaji ila alinitumia yenye konekta ya antena ya nje bila antena, nikahangaika na "kelele" ya ajabu mpaka nikafungua boksi tena kuhakikisha. Kagueni kwanza.

Na kama unataka MIMO (kutuma na kupokea kwa antena nyingi) au kujua wimbi limetokea upande gani, antena ni moja tu hapa, tafuta SDR (redio inayoendeshwa kwa programu) ya chaneli mbili zinazotumia saa moja.