Sanduku la mawe ya pwani linalouzwa Lubumbashi: mawe mazuri, kijitabu dhaifu

Duka moja la vifaa vya shule katikati ya Lubumbashi limeanza kuuza sanduku la sampuli za mawe yaliyoliwa na viumbe wa baharini, lililokusudiwa wanafunzi wa jiografia na biolojia. Katika mji huu, ambako watoto wengi huitambua malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kabla hawajawahi kuiona bahari, bidhaa hii ilihitajika.

Kipande kinachostahili karibu bei yote ni jiwe la chokaa lililopasuliwa katikati ili mashimo ya kome aina ya Lithophaga yaonekane. Mlango wa shimo ni mwembamba, lakini ndani kuna chumba kipana, chenye kuta laini na umbo la tende, kiasi kwamba mwanafunzi anatambua mwenyewe kuwa mnyama aliingia angali mdogo, akanenepea humo, na asingeweza kutoka tena. Kome huyo hulainisha chokaa kwa majimaji ya mwili wake, ndiyo maana hukaa katika mawe ya chokaa na matumbawe, wala si katika granito.

Kijitabu cha Kifaransa kinachoandamana na sanduku kinadai kwamba mashimo yote hutokana na majimaji ya namna hiyo, na hapo kinapotosha. Wanyama wa makombe mawili wa jamii ya Pholadidae hukereza mwamba kwa meno yaliyo kwenye makombe yao. Sponji aina ya Cliona, mnyama sahili wa baharini ambaye sampuli yake imo na ni nzuri sana, huyeyusha kingo tu, kisha hung'oa vipande visivyofikia sehemu ya kumi ya milimita, ambavyo huishia kuwa tope laini chini ya bahari.

Viumbe wanaokwangua mwamba kwa nje wamepewa picha moja tu, jambo ambalo kwangu ndilo pungufu kubwa zaidi. Kitoni, mnyama mdogo mwenye gamba la vipande anayeng'ang'ania mwamba, mwenye meno yaliyofunikwa magnetiti, madini magumu ya chuma, hula mwani pamoja na chembe za jiwe, na kukwangua huko, kukisaidiana na maji ya bahari, huchimba miguu ya miamba ya matumbawe kama ile ya Zanzibar na Mombasa hadi sehemu ya juu ikabaki imening'inia.

Kioo cha kukuza kilichomo hakitoshi kuonyesha vitundu vya sponji. Anayenunua atafute kingine. Bei inabebeka kwa shule, si kwa mzazi mmoja.