Wikiendi ya Marriage Encounter, kwa wanandoa wanaosali pamoja lakini hawazungumzi

Kuna upweke ambao hauna pa kupelekwa. Umefunga ndoa kanisani, hakuna kupigana, hakuna aliyetoka nje ya ndoa, na bado usiku unalala kando ya mtu huku umeona siku nzima hukuzungumza na yeyote. Ukimweleza rafiki atakuambia mshukuru Mungu, mkeo hana neno. Ninaandika kwa ajili ya walio katika hali hiyo, kwa sababu mimi na mke wangu tumeishi humo miaka mingi, na wikiendi hii ilitusaidia kweli.

Yeye ni muuguzi, mimi ni mwalimu wa sekondari. Rozari tunasali, jumuiya tunakwenda, Jumapili tunakaa benchi moja. Lakini mazungumzo ya nyumbani yalikuwa yamebaki luku, ada, gesi na mchango wa harusi ya mtoto wa jirani. Tukisema "Amina", kila mtu na simu yake.

Marriage Encounter ni huduma ya Kikatoliki, ingawa wanandoa wa madhehebu mengine nao hupokelewa. Aliyeianzisha ni padre wa Hispania, Gabriel Calvo, na wikiendi ya kwanza ilifanyika Barcelona mwaka 1962. Mnaingia Ijumaa jioni, mnatoka Jumapili. Mnalala huko huko, na watoto mnawaacha kwa bibi au shangazi yao. Wanaotoa mada ni wanandoa kama ninyi, pamoja na padre, na wanasema mambo ya nyumbani kwao wenyewe.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba hakuna anayewasimamisha mbele ya watu. Nimehudhuria semina za ndoa ambazo mnenaji anapaza sauti, wake wanaambiwa watii, waume wanaambiwa wapende, ukumbi unacheka, na mnarudi nyumbani kama mlivyokwenda. Hapa siri yenu haitoki chumbani kwenu.

Utaratibu ni huu. Baada ya mada mnapewa swali. Mmoja anabaki ukumbini, mwenzake anakwenda chumbani, na kila mtu anamwandikia mwenzake barua kwenye daftari. Muda ukiisha mnakutana chumbani, mnabadilishana madaftari, mnasoma mara mbili bila kusema kitu, ndipo mnazungumza. Sharti ni kuandika unavyojisikia, si kumhukumu mwenzako. "Najisikia nimeachwa" ni hisia. "Wewe hunijali" ni hukumu, na hukumu lazima ijibiwe na hukumu nyingine. Hisia haina kosa wala haki, kwa hiyo hakuna cha kubishania. Hilo peke yake lingetosha kunifungisha safari.

Jumamosi mke wangu aliandika nusu ukurasa tu, kwa ule mwandiko wa haraka wa kwenye mafaili ya wodini. Ameniruhusu niuweke hapa: "Mwalimu, nikitoka zamu ya usiku nakukuta unasahihisha madaftari ya wanafunzi. Naweka mkoba, nasimama kidogo pale mlangoni. Nikiona hujainua kichwa, nakwenda kuoga. Wodini wote wananiita sista, sista. Nyumbani naona sina wa kumwita."

Daftari langu lilikuwa mikononi mwake. Nilikuwa nimeandika kwamba asubuhi nikisikia kitasa cha mlango nasubiri aniite jina, na asipoita naendelea na kalamu nyekundu, moyo umeshuka. Mlango ule ule, asubuhi zile zile. Aliposoma mara ya pili akafunga daftari, akasema, "Kumbe." Tukaanza kuongea, na kengele ya mada iliyofuata ilitukuta bado tunaongea.

Kanisani kuna watu wema wanaodhani mwenye upweke amepungukiwa imani. Wasome Mwanzo 2:18. "Si vema huyo mtu awe peke yake" limesemwa kabla ya dhambi yoyote, na aliyesemewa alikuwa bustanini, Mungu akiwa karibu naye. Kwa hiyo mume au mke asiambiwe azidishe sala na basi. Sala azidishe, na mtu wa kuzungumza naye apewe pia.

Mkitoka mnarudi na zoezi la kila siku: dakika 10 za kuandika, dakika 10 za kuzungumza. Kwa watu wa zamu si rahisi. Sisi daftari tunaliweka juu ya friji. Anayetoka anaandika, anayeingia anasoma, na mazungumzo yanasubiri tukutane. Zipo siku linapita bila kuguswa. Ila hatujarudi kule kwa luku na gesi peke yake.

Nyumba ya mafungo tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kasoro. Chumba cha wanandoa kilikuwa na vitanda viwili vya futi tatu, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule. Ilibidi tuvisogeze wenyewe, na katikati pakabaki ufa. Waandaji wa nyumba wafikirie wageni wanakuja kwa ajili gani! Chakula kilikuwa kizuri, hasa maharage ya nazi. Malipo hayakutuumiza: kiasi kidogo cha kujiandikisha, na mwishoni bahasha ya kutia ulichojaliwa.

Jambo moja lazima niliseme waziwazi. Wikiendi hii ni ya ndoa iliyopoa; iliyovunjika inahitaji msaada mwingine. Kwa ndoa zenye mgogoro mkubwa ipo huduma nyingine, Retrouvaille, iliyoanzia Quebec, Kanada, mwaka 1977. Na anayepigwa asipewe daftari. Aende kwanza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na padre au mchungaji yeyote atakayemwambia avumilie asimsikilize.

Kwa wengine wote, nendeni. Mwanamume asiyezoea kuandika asiogope, nusu ukurasa unatosha. Ulizeni parokiani kwenu tarehe ya wikiendi inayofuata, mjiandikishe wote wawili, na mwenye zamu aombe ruhusa ya Ijumaa mapema, kwa sababu kazi huanza jioni ile ile.